Halley, mtu aliyejua mwaka nyota yenye mkia itarudi

Hapa Goma tuko na desturi ya kuangalia juu kila magharibi. Hatuangalii kwa sababu ya uzuri. Tunaangalia rangi ya Nyiragongo. Wekundu ukizidi, habari inatoka Majengo na kufika Himbi mbele chakula hakijaiva. Tangu tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002, na tena tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mtu wa mji huu akiona mwanga mgeni usiku hawezi kurudi kulala vile vile.

Njo maana mwezi wa kumi 2024 wengi wetu tulisimama nje tukiuliza. Mwanga ule haukutoka upande wa volkano. Ulikuwa magharibi, kule jua linazamia, chini kabisa, karibu na Zuhura, ile nyota kubwa ya jioni. Ulikuwa kama alama ya chaki yenye mkia ulioelekea juu. Kesho yake ulipanda kidogo, na siku iliyofuata tena kidogo, kisha ukaanza kufifia. Wengine walisema ni silaha. Wengine walisema ni ishara ya msiba. Kumbe ilikuwa nyota yenye mkia, ile wenye masomo wanaita kometi, na jina lake ni Tsuchinshan-ATLAS, kwa kuwa iligunduliwa mwaka 2023 na watu wa China pamoja na mashine ya kuangalia nyota iliyo Afrika ya Kusini.

Leo, ndugu wachimbaji na jamaa zenu, tunawasimulia maisha ya mtu aliyetuondolea woga wa nyota za namna hii. Jina lake ni Edmond Halley. Alikufa zamani sana, lakini maisha yake hayako mbali na yetu: alishuka pahali pasipo na hewa, alifanya kazi bila kulipwa feza yake, na alipoteza baba kwa namna ambayo familia za mashimoni zinaijua.

Halley alizaliwa London, Uingereza, mwaka 1656. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa sabuni, tena tajiri, mwenye nyumba za kupangisha. Mtoto alipokuwa na miaka 9 hivi, moto mkubwa wa 1666 uliteketeza sehemu kubwa ya London, na mali ya baba ikapungua. Hata hivyo hakumnyima mtoto masomo. Alimnunulia vyombo vizuri vya kupima nyota, hata kijana alipoingia chuo cha Oxford mwaka 1673 alifika na darubini yake mwenyewe.

Hakumaliza. Mwaka 1676, akiwa na miaka 20, aliacha masomo, akapanda meli kwenda kisiwa cha Saint Helena, katikati ya bahari kati ya Afrika na Amerika. Sababu yake ilikuwa rahisi: watu wa Ulaya walikuwa wameandika nyota za kaskazini, lakini nyota za kusini, zile sisi huku kwetu tunaziona kila mwaka, hakuna aliyezipima vizuri kwa darubini. Alidhani kisiwani atapata anga safi. Alikuta mawingu. Anayejua mvua za Masisi ataelewa: unangojea usiku mzima, wingu linafunguka kidogo tu, unapima nyota mbili, linafunga. Pamoja na hayo, alirudi mwaka 1678 na orodha ya nyota 341. Mfalme akaagiza Oxford impe diploma bila mtihani.

Tufike sasa kwa ile nyota yake. Mwaka 1682 Halley alioa mke, Mary Tooke, wakapanga nyumba Islington, pembeni ya London. Miezi michache tu baada ya ndoa, nyota yenye mkia ikatokea. Mwezi wa tisa ilikuwa inaonekana jioni, chini upande wa magharibi, saa jua limekwisha kuzama. Halley aliipima kila usiku mawingu yaliporuhusu: iko wapi leo, karibu na nyota gani, imesogea namna gani. Aliandika. Kisha ikapotea, naye akaweka karatasi zake. Hakuna kitu cha ajabu kilichotokea siku zile. Alikuwa bwana arusi mpya anayesimama nje usiku na kuandika namba.

Tueleze hapa kwa nini nyota hizi zinaonekana chini vile. Kometi ni donge la barafu na vumbi. Muda mrefu wa maisha yake iko mbali, katika baridi na giza, hakuna anayeiona. Ikikaribia jua, barafu inageuka mvuke, vumbi linatoka, na jua linasukuma vyote nyuma. Huo njo mkia. Kwa hiyo inang'aa zaidi wakati iko karibu na jua. Na kitu kilicho karibu na jua utakiona tu jua likiisha kuzama, au mbele halijatoka, tena chini, kwa muda mfupi. Mkia wake daima unaelekea upande ulio mbali na jua. Usiichanganye na kimondo: kimondo kinapita kwa kupepesa jicho, lakini kometi unaikuta tena kesho na kesho kutwa.

Mwaka 1684 msiba uliingia. Asubuhi moja ya mwezi wa tatu baba yake Halley alitoka nyumbani, akaaga kwamba atarudi jioni. Hakurudi. Familia ilitafuta, ikauliza, ikangojea. Wiki tano zilipita. Mwili uliokotwa kandokando ya mto karibu na mji wa Rochester, na kwa kuwa uso haukutambulika tena, walimjua kwa viatu na soksi zake. Wachunguzi walisema aliuawa. Ni mama wangapi huku kwetu wamekaa vile, mtu ametoka asubuhi na toshi yake kichwani, jioni hakuna habari, na mwishowe anatambuliwa kwa buti zake? Halley alikuwa na miaka 27. Juu ya kilio ikaongezeka kesi ya urithi na mama wa kambo. Feza iliyomlisha akiangalia nyota ilipungua.

Miezi mitano baadaye, mwezi wa nane, alifunga safari kwenda Cambridge kumuona mwalimu mmoja mpweke jina lake Isaac Newton. Alikwenda na ulizo moja: kama jua linavuta sayari, na nguvu ile inapungua kadiri unavyokwenda mbali, njia ya sayari itakuwa na umbo gani? Newton alimjibu kwamba ni duara lililovutwa, sawa yai, na kwamba alikuwa ameisha kupiga hesabu ile. Lakini karatasi haikuonekana katika vitu vyake. Halley alimsukuma aandike upya, akamsukuma tena aandike kitabu kizima.

Kitabu kilipokaribia kuisha, feza ya kukichapa ilikosekana. Chama cha wenye elimu cha London, ambako Halley alikuwa karani, kilikuwa kimemaliza sanduku lake kwa kuchapa kitabu kikubwa cha picha za samaki ambacho hakuna aliyenunua. Basi Halley alitoa feza ya mfuko wake, akasahihisha kurasa, akasimamia wachapaji, na mwaka 1687 kitabu cha Newton kikatoka. Ni moja kati ya vitabu vikubwa kabisa vya sayansi. Na mshahara wa karani? Pauni 50 alizopaswa kupewa, chama kilimlipa kwa nakala 50 za kile kitabu cha samaki. Wachimbaji ambao PDG wa shimo amewaambia feza hakuna, chukueni mchanga, watacheka, lakini watacheka kidogo.

Halley alipaswa kutafuta maisha kwingine. Mwaka 1691 meli moja iliyotoka Guinea, Afrika Magharibi, na dhahabu na pembe za tembo ilizama karibu na pwani ya kusini ya Uingereza. Dhahabu ya Afrika iko chini ya maji, nani ataifuata? Halley alitengeneza kengele kubwa ya mbao, akaifunika kwa risasi iwe nzito, juu akaweka kioo cha kuingiza mwanga. Inashushwa mdomo chini, na hewa inabaki ndani, sawa vile ukizamisha kikombe kimepinduliwa. Lakini hewa ile inachafuka. Alifanya nini? Alishusha mapipa mawili yaliyojaa hewa safi, moja likipanda lingine likishuka, na bomba la ngozi la kuingiza hewa ile katika kengele. Juu aliweka robine ya kutoa hewa ya moto iliyokwisha kupumuliwa. Yeye mwenyewe alishuka pamoja na watu wengine wanne, wakakaa saa moja na nusu, urefu wa mita kama 17 chini ya maji, wakatoka wazima, ila masikio yaliuma.

Tunataja jambo hili kwa makusudi. Zaidi ya miaka 300 imepita tangu mtu yule alipoelewa kwamba mfanyakazi wa chini anahitaji njia ya hewa kuingia na njia ya hewa kutoka. Mpaka leo kuna mashimo katika milima yetu ambamo watu wanashuka na njia moja tu, na wanajua hewa imekwisha pale kichwa kinapoanza kuzunguka.

Mwaka 1693 alifanya kazi nyingine inayotuhusu. Mji wa Breslau, ambao leo unaitwa Wrocław na uko Poland, ulikuwa unaandika vizuri watu wanaozaliwa na wanaokufa, pamoja na umri wao. Halley alipata orodha ile, akapiga hesabu: kati ya watu wa umri fulani, wangapi watabaki baada ya miaka kumi, ishirini, thelathini. Zamani zile serkali ya Uingereza ilikuwa inauza karatasi ambayo unalipa mara moja, kisha unalipwa kila mwaka mpaka kufa, na bei ilikuwa moja kwa kijana na kwa mzee. Halley alionyesha kwamba haki ni bei ifuate umri. Hesabu za pensheni na za bima, ile tunaita asiransi, zimejengwa juu ya kazi ya namna hii. Mjane wa mchimbaji anayebaki na michango ya matanga tu anajua ni kitu gani kinakosekana pale hakuna aliyehesabu maisha ya bwana wake.

Hatutaki kumfanya malaika. Alikosea pia. Alidhani dunia iko tupu ndani, yaani ganda juu ya ganda na nafasi katikati, kwa kuwa alitafuta sababu ya mshale wa dira, ile tunaita busole, kugeuka kidogo kidogo mwaka kwa mwaka. Sivyo dunia ilivyo. Lakini hakukaa tu na mawazo: kati ya 1698 na 1700 aliongoza meli ndogo jina lake Paramore, akazunguka bahari ya Atlantiki mpaka kwenye milima ya barafu kusini, akipima busole kila pahali. Karata aliyochora mwaka 1701 ilisaidia mabaharia wengi.

Miaka yote hiyo zile karatasi za 1682 zilikuwa zinamngojea. Kwa hesabu za Newton, Halley alianza kutafuta njia ya kila kometi iliyopimwa zamani. Ilikuwa kazi ya kuchosha, namba juu ya namba, bila mashine yoyote. Alipata njia za kometi 24, akazitoa mwaka 1705. Katika orodha ile aliona tatu zinazofanana: ya 1531, ya 1607 na ile aliyoiona yeye mwenyewe jioni za 1682. Zilipita njia karibu moja, zikielekea upande mmoja, na kati yao kulikuwa miaka 75 au 76. Akaelewa kwamba hazikuwa tatu. Ilikuwa moja, inakwenda mbali na kurudi. Ile tofauti ndogo ya miaka ilitokana na sayari kubwa, hasa Jupita, ambazo zinaivuta ikipita karibu nazo. Kisha akatangaza: itaonekana tena mwaka 1758 au karibu ya hapo.

Mwaka wa 1705 Halley alikuwa na miaka 48. Kwa kungojea 1758 angepaswa kufikisha miaka 102. Yeye aliyehesabu maisha ya watu wa Breslau alijua vizuri kwamba hatafika. Aliomba tu kwamba nyota ikirudi, watu wasisahau kuwa Mwingereza njo aliyetangulia kusema. Mtu anayetaka kudanganya hasemi mwaka. Anasema itatokea siku moja. Halley aliandika mwaka, ili kama amekosea kila mtu aone.

Aliendelea na kazi. Mwaka 1715 jua lilipatwa juu ya London, yaani mwezi ulilifunika mchana. Halley alitoa karata mbele ya siku ile, inaonyesha kivuli kitapita wapi na saa ngapi, ili watu wasishituke na kusema mfalme atakufa. Aliwaomba pia watu wa kawaida waandike saa waliyoona giza, wamtumie. Kosa lake lilikuwa dakika chache. Mwaka 1720, amepita miaka 63, alipewa kazi ya mkubwa wa nyumba ya nyota ya mfalme huko Greenwich. Alikuta nyumba tupu, kwa kuwa jamaa ya aliyemtangulia walikuwa wameondoa vyombo vyote. Alinunua vingine, akaanza kupima mwendo wa mwezi, kazi inayohitaji miaka 18. Aliimaliza. Mke wake Mary alikufa 1736. Mzee Halley alikufa mwezi wa kwanza 1742, na miaka 85.

Mwaka 1758 ulipokaribia, Wafaransa watatu walikaa kupiga hesabu upya: Clairaut, Lalande, na mama mmoja, Nicole-Reine Lepaute, aliyefanya sehemu kubwa ya namba zile kwa miezi mingi. Walisema Jupita na Satruni zitaichelewesha, itapita karibu na jua katikati ya mwezi wa ine 1759, wakaacha nafasi ya kosa la mwezi mmoja. Mtafutaji mashuhuri wa Paris, Messier, alikuwa anaitafuta kila usiku, lakini karata aliyopewa na mkubwa wake ilimuelekeza pahali pabaya. Aliyeiona wa kwanza, usiku wa Noeli, tarehe 25 mwezi wa kumi na mbili 1758, ni mlimaji wa kijiji karibu na Dresden, Ujerumani, jina lake Johann Georg Palitzsch. Alikuwa mtu wa jembe aliyejifunza nyota peke yake. Nyota ilipita karibu na jua tarehe 13 mwezi wa tatu 1759. Tangu pale inaitwa nyota ya Halley.

Ilirudi 1835, ikarudi tena 1910. Tusimame kidogo hapa, kwa sababu mwaka ule unatugusa. Tarehe 14 mwezi wa tano 1910, huko Bruxelles, Wabelgiji, Waingereza na Wajerumani walitia sahihi mapatano ya kugawana mipaka ya Kivu na milima yetu ya volkano. Siku zile zile nyota ya Halley ilikuwa inang'aa mbele ya mapambazuko, na kuanzia tarehe 20 ilihamia jioni, upande wa magharibi. Kama mawingu hayakuzuia, babu zetu wa kando ya ziwa waliiona bila kujua kwamba mbali huko watu walikuwa wamechora mstari katikati ya ndugu na ndugu. Anayesema nyota ilileta ule mpaka anakosea. Mpaka uliletwa na watu wenye kalamu.

Wala tusidhani kwamba woga ulikuwa wa babu zetu tu. Wenye masomo walikuwa wamegundua katika mkia wa kometi gesi yenye sumu, ya ukoo mmoja na ile sianidi inayotumiwa kusafisha dhahabu. Dunia ilipokaribia kupita katika mkia ule, usiku wa tarehe 18 kuamkia 19, watu wa Ulaya na Marekani walinunua vidonge vya kujikinga na kometi. Wauzaji walipata faida. Hakuna aliyekufa kwa gesi ile, kwa kuwa mkia ni mwepesi sana kuliko moshi wowote. Tumewaona hapa wauzaji wa namna hiyo pia, kila mara mlima ukinguruma.

Mara ya mwisho ilipita mwaka 1986, wakati inchi hii iliitwa Zaïre. Wenye umri mkubwa kati yenu labda wanaikumbuka. Itakaribia jua tena tarehe 28 mwezi wa saba 2061. Mtoto aliyezaliwa Goma mwaka ule wa Tsuchinshan-ATLAS atakuwa na miaka 37 hivi. Sisi tunaoandika hatutakuwako, na wengi wenu vilevile.

Lakini kometi nyingine zitatokea mbele ya hapo, na huwa haziombi ruhusa. Siku mtakaposikia habari yake, fanyeni sawa Halley kijana pale Islington. Subirini jua lizame na anga lianze kuwa jeusi, simameni pahali taa hazipigi machoni, angalieni magharibi, chini, juu kidogo ya milima. Wekeni alama: iko juu ya mti gani, juu ya nyumba ya nani. Andikeni tarehe na saa katika daftari ya mtoto. Kesho mrudi pahali pale pale mwone imesogea wapi. Na kama jirani anakuja na vidonge vya kuuza, mwonyesheni daftari.